Kidole Gumba

Kwanza kilitetemeka kioo.
Nikisimama pale reli inapokata barabara
watu wote nyuma yangu walikuwa wawili wawili:
mwenye baiskeli na pacha wake,
mbuzi na pacha wake.
Halafu kidroo cha dashibodi. Kila nikitia gia
kinafunguka chenyewe kama mdomo wa wifi yangu.
Nikakifunga kwa utepe wa harusi.

Nikavumilia. Gari ni la mwaka themanini na nane,
fungu langu siku tulipogawana kwa kadhi:
yeye nyumba ya Mikanjuni, mimi Karola.
Ila Ijumaa ile, keki ya ghorofa tatu
iliondoka Makorora imesimama wima,
ikafika Raskazoni imeegemea boksi,
sukari imepasuka ubavuni,
na mama wa bibi harusi akaniuliza
kwa upole unaochoma,
"Bi Mwanakombo, hii ndiyo fasheni?"

Fundi Mhando alifungua boneti,
akamwambia mwanawe akanyage mafuta.
Injini ikaruka kama mtoto aliyeshtuliwa usingizini.
"Mauntingi, mama. Zimekufa zote.
Injini yako imekaa kwa mazoea tu."

Duka la Twaiba, Barabara ya Kumi na Mbili.
Akazipanga juu ya kaunta.
Ya Kichina, bado imo kwenye nailoni,
elfu ishirini na tano, inang'aa kama kiatu cha Idi.
Ya mtumba, imevuliwa kwenye gari lililofia Japani,
elfu sitini, ina muhuri.
"Orijino," akasema, akilivuta neno kama anafukiza udi.
Ya tatu Mhando aliitoa mfukoni, kazi ya mkono wake:
raba ya tairi la lori la mkonge, chuma katikati,
bei ni maelewano.
Ya nne haikuwepo. Ya nne iko Dar,
mpya na halisi, laki na nusu moja,
na mimi nina nafasi tatu za kujaza.

"Nikinunua moja kwanza?"
"Usithubutu," akasema Mhando.
"Mgeni akikaa kati ya wakongwe wawili
mzigo wote ataachiwa yeye. Hamalizi mwaka."
(Nikawakumbuka mabibi harusi wangu.)

Mimi sijui magari. Najua keki.
Keki ikitoka jikoni huiulizi kwao wapi,
unaibonyeza kwa kidole gumba:
ikizama isirudi, mbichi;
ikikataa kuzama, umeiua kwa moto;
ikizama, ikawaza kidogo, ikarudi,
hiyo ipambe.

Nikabonyeza. Ya Kichina ilirudi haraka mno,
kama mtu anayekubali kabla hujamaliza kusema.
Ya mtumba nikaikunja chini ya taa:
nyufa nyembamba kama unywele,
zimezibwa kwa rangi ya viatu.
Twaiba akawa anaitazama feni.
Ya tairi haikuzama hata kidogo.
"Hii inashika," nikasema.
"Inashika," Mhando akakiri, akiirudisha mfukoni,
"ila injini yote utaibeba mgongoni."

Nikavunja kibubu cha mashine ya kupigia mayai.
Mwezi mzima nimepiga kwa mkono,
bega la kulia limelizidi la kushoto.
Zikaja kwa basi, tatu, ndani ya gazeti.
Hapo dukani, mbele ya watu, nikabonyeza.
Ikawaza. Ikarudi.

Injini haikuacha kutetemeka, msidanganyike.
Mhando alinionyesha: inaruka vilevile ilivyozoea,
ila sasa haya yake yanaishia kwenye raba.
Jumapili nimepeleka ghorofa nne hadi Chumbageni.
Pale relini mbuzi alikuwa mbuzi mmoja.
Utepe nimeufungua, kidroo kimetulia,
na katika ukimya ule, kwa mara ya kwanza,
nikasikia nyuma kushoto: nyii, nyii.
"Hiyo ni bushi," akasema Mhando.
"Ilikuwepo miaka yote, mama.
Ulikuwa huwezi kuisikia."