Mimu, Te, Re

Fomu ya kuombea jina la mtaa ina kurasa mbili.
Wa kwanza nimeujaza kwa raha:
Jina la marehemu: Faraji bin Mubaraka Bajabiri.
Kazi: mfanyabiashara.
Alifika Dar es Salaam: zamani, akitokea Shihiri,
mji ukiwa vichochoro vitatu na mikoko.
Kwenye "Mchango wake kwa jamii" nikasita,
nikaenda kuteremsha sanduku.

Nyumbani kwetu Gerezani babu huyu ni kama dua.
Alichimba kisima. Alikopesha bila riba.
Mdachi alimvulia kofia mbele ya soko;
hiyo shangazi Zuhura huisimulia kila Idi,
na kila Idi Mdachi hupanda cheo.
Binamu Swafiya kaandika kutoka Toronto:
huko, anasema, kila aliyetangulia ana kibao,
muuza ngozi, msaga ngano, hata mlevi mmoja
aliyegombea udiwani mara nne akashindwa.
Sisi tumelala. Harakisha.

Daftari limeliwa na mende pembeni,
katikati wino umekaa.
Mwaka 1315 wa Hijria. Mkono wa babu una haraka,
herufi za Kiarabu, maneno ya Kiswahili,
irabu hakuweka; labda wino ulikuwa na bei.
Kaniki doti nane. Chumvi. Majora ya marekani.
Sandarusi, sandarusi, sandarusi:
frasila mbili kutoka Pugu, frasila moja yenye mchanga.
Mbele ya kila mzigo, jina. Mbele ya jina, pesa.

Ila mmoja.
Mimu, te, re.
Mwezi hata mwezi, huyu mimu-te-re ameleta
frasila tatu, safi, zimeoshwa kwa magadi,
na mbele yake babu ameandika: baadaye.
Baadaye. Baadaye.
Nimehesabu kumi na saba.
Halafu nageuza ukurasa, hayupo,
na mwezi ule ule, kwa wino mzito zaidi:
mawe ya kisima, rupia arobaini.

Nikajaribu irabu kama mtu anayejaribu funguo.
Matiro? Mitera?
Au Mtoro, jina tu, wako wengi hadi leo,
kuna Mtoro anauza vipuri mtaa wa pili.
Au si jina.
Au ni mtoro: aliyemkimbia bwana wake,
akajificha msituni na jembe la kuazima,
akamchimbia tajiri asiyeuliza maswali,
naye tajiri akajua
mtoro hana pa kwenda kushitaki.

Mume au mke, sijui.
Lugha yetu imemfichia hata hilo.
"Ameleta," basi.

Nikampigia shangazi. Akanyamaza,
nikasikia feni yake inavyogonga.
"Maji ya kisima kile umeyanywa wewe?"
Nimeyanywa.
"Basi funga sanduku."

Serikali ya mtaa wanafunga saa tisa na nusu.
Tulizo, binti wa dirishani, ana mhuri mkononi,
anapitisha kidole kwenye fomu, anafika hapo.
"Mama, hapa kwenye jina umefuta."
Nimefuta.
"Na umeandika herufi tatu. Ni kifupi cha taasisi?"
Hapana, ni mtu. Tunamdaiwa... nikajirekebisha:
anatudai.
Foleni nyuma yangu inakohoa.
"Mfumo hautakubali," anasema, si kwa ubaya,
"mfumo unataka jina lake na la baba."

Ningemwambia nini? Kwamba baba yake
hakuandikwa popote, hata kwa herufi moja?
Kwamba tumekunywa miaka mia na zaidi
kutoka kwenye frasila hamsini na moja?
Nikashika kalamu yao iliyofungwa kwa kamba,
nikaiacha.

Tulizo akanionea huruma.
Akagonga mhuri pembeni, akanisogezea karatasi.
"Pawe wazi tu, mama. Utakuja kujaza baadaye."

Kumi na nane.