Sahihisho Kabla ya Gazeti Kuchapwa

Nilikwenda na kalamu iliyonolewa, nakiri.
Mwaka jana niliwaandika vibaya:
nilisema ni watoto wanaogombania sufuria,
na mama yake mpiga ngoma akanivizia
nje ya duka la mbegu, karibu na stesheni,
akaniuliza kama nimewahi kuimba hata bafuni.
Nilinunua mbegu za sukuma nikaondoka.

Sasa ni Ijumaa, Nakuru,
ukumbi wa kanisa lililohama, Bondeni.
Viti vya plastiki. Kiingilio mia mbili, na soda.
Vumbi la Menengai limekaa safu ya mbele bila kulipa.
Watu arobaini na watatu; niliwahesabu,
maana ndiyo tabia yangu,
kuhesabu kabla ya kusikia.

Bendi inaitwa Stima Imerudi.
Ni ukelele ule wa utotoni,
mtaa mzima ukiwaka kwa mpigo
na redio ya jirani ikiibuka
katikati ya sentensi ya mtu mwingine.

Nasipwondi anaimba. Hana sauti kubwa.
Ana sauti ya mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya barabara kuu
na habari isiyoweza kungoja malori yapite.
Gitaa la Gathecha lina nyuzi tano;
ya sita, nasikia, inasubiri mwisho wa mwezi.
Kwa hizo tano anatoa mlio wa ndimu iliyokamuliwa juu ya mua.
Kibichii, yule wa sufuria,
siku hizi anapiga ngoma
kama fundi anayepigilia mabati huku ameliona wingu.
Odero wa besi hasikiki.
Lazima niseme: hasikiki.
Spika ya kushoto ilikufa, ikazikwa naye.

Nyimbo zao ni fupi, dakika tatu kasoro.
Zinaingia bila hodi, zinakula, zinaaga.
Hakuna kinanda cha kututayarisha,
hakuna salamu kwa wafadhili.
Ubeti, ubeti, kisha kiitikio,
na hapo sauti tatu zinapandana
kama vijana wanaochungulia mechi juu ya ukuta wa Afraha,
mmoja begani kwa mwenzake,
na yule wa juu kabisa ndiye anayetuambia
bao limeingia wapi.

Wimbo wa nne ni "Risiti".
Binti anakuta, mfukoni mwa koti la marehemu baba,
risiti ya viatu vyake vya kwanza vya shule,
vimelipiwa mara tano.
Basi. Hawaongezi neno.
Gitaa linarukaruka, ukumbi unapiga makofi,
na mimi mwenye daftari nagundua
napiga makofi pia,
kalamu iko chini ya kiti
na sijui iliniponyoka katika awamu ya ngapi.
Wanauvalisha msiba nguo ya harusi.
Unacheza nao, unamwagiwa soda,
unafika nyumbani, unavua viatu,
ndipo unapokumbuka sura yake.

Wa sita ni dhaifu.
"Mpenzi" na "mwenzi" vimekutana mara nane,
na nane ni nyingi hata kwa waliochumbiana.

Nilitarajia stima ikatike
ili nipate mwisho mzuri wa makala.
Haikukatika.
Walimaliza, wakakunja nyaya,
Odero akabeba spika iliyokufa mgongoni
kwa heshima zote, kama mgonjwa.

Mlangoni, kwenye kreti za soda, nani kama si mama Kibichii.
"Leo umeandika nini?"
Nilimwonyesha ukurasa. Ulikuwa na tarakimu moja tu.
Akaisoma, akanirudishia.
"Na wale wa dirishani?"

Nilitoka nikazunguka ukumbi.
Walikuwa bado pale, juu ya matofali,
wapishi wa chipsi na aproni zao,
mlinzi wa benki, wanafunzi wawili wenye madaftari,
wakibishana ni nani aliyeshika kiitikio sawasawa,
wakikirudia, wakikikosea,
wakikianza upya.

Kwa hiyo, mhariri, tafadhali rekebisha:
watu sitini na mmoja.
Na mimi, sitini na wawili.