Mkaja

Siku ya nne, kutoka Wete hadi Minungwini,
kila tuta la barabara lilinitaja kwa jina.
Nilishika tumbo kwa mikono miwili
kama aliyepakata bakuli la uji lililojaa pomoni.

Mama alikwisha kuutoa sandukuni:
mkaja wake wa bafta, umefubaa rangi ya chai,
una harufu ya udi na ya watoto saba.
"Huu," akasema, "ndio ulionirudishia kiuno."
Nikamweleza alivyosema nesi Raya:
nisifungwe. Nisikandwe. Nisibebe ndoo.
Maji ya moto yakapoa sufuriani,
majani yanaelea juu, yamekosa kazi.

Bi Asaa akaja na kuku wa supu.
Akamtazama mtoto, akanitazama mimi:
"Wewe hukusukuma. Ulilala tu, wakakutolea."
Sikumjibu.
Kujibu kunavuta mshono,
na kukohoa, na kupiga chafya,
hata kumwita mtu aliye uani.
Siku hizi nacheka kwa pua,
mto nimeukumbatia tumboni.

Ganzi hii hawakunitajia.
Chini ya kitovu pana kipande cha mtu mwingine:
nakigusa, hakijui kuwa kimeguswa.
Faki namnyonyesha kwa ubavu,
miguu yake inapiga mateke hewani
karibu na mlango aliotokea,
mlango usiokuwapo.

Nje wanachambua karafuu.
Nasikia vikonyo vikitengwa, tk, tk,
na mikono yangu inawashwa na kazi iliyokatazwa.

Usiku wa tisa nikataka kwenda chooni.
Hatua kumi na saba, nimezihesabu kwa macho
tokea kitandani.
Mama hakusema neno.
Akauchukua mkaja, akajifunga mwenyewe juu ya kanga,
fundo akalipeleka mgongoni.
"Usinishike bega, tutaanguka sote.
Shika fundo."

Tukatoka hivyo, tumeinama wawili,
yeye kwa miaka, mimi kwa nyuzi.
Kila nilipovuta, alisimama.
Kila nilipopumua, alikwenda.
Uani karafuu zilikuwa zimefunikwa,
na kuku wa Bi Asaa, aliyenusurika chungu,
akatukohoza kutoka kwenye tenga.
Nikacheka. Kwa mdomo. Ikauma.

Kwenda, nguo ilikuwa imekaza mkononi mwangu
kama kamba ya kisima.
Tuliporudi mpaka kizingitini
ilikuwa inaning'inia.
Mama aliijua kabla yangu,
maana hakugeuka kuniangalia,
alitangulia tu kuingia ndani,
akaenda kumfunika Faki.