Unene wa Nywele Nne

Mama aliuza sukuma wiki Kariobangi.
Kabla sijajua kusoma nilijua kukata:
majani yakunjwe, yabanwe, kisu kisogee kidogo kidogo
mpaka kitoke kitu chembamba kama uzi.
"Pole pole," alisema. "Mboga haikimbii."

Leo nimevaa glavu. Kisu changu ni wembe unaotetemeka
mara themanini kwa sekunde,
na kilicho mbele yangu kinakimbia.

Kilifika saa kumi jioni kutoka chumba cha upasuaji,
katika maji ya chumvi yaliyoganda nusu,
kijitonge, ukubwa wa kunde mbili.
Asubuhi kilikuwa cha Wanyoike, fundi wa makochi, Gikomba,
aliyeanguka mara tatu kwa wiki
hata akakatazwa kushika misumari mdomoni,
na fundi wa makochi asiye na misumari mdomoni
ni nani?

Yeye alitia sahihi haraka. Mama yake ndiye aliyeuliza:
"Na hicho mtakachotoa, mtakizika wapi?"
Daktari Achola alikohoa.
Mimi nilitazama viatu vyangu.

Vipande tisa. Kila kimoja unene wa nywele nne,
vinaelea kama maganda ya ndani ya kitunguu,
na viputo vya oksijeni vinapanda kando yao.
Havijui kwamba vimetoka kichwani.
Bado vinangoja habari za mkono, za ulimi, za harufu ya gundi.

Chini ya hadubini nachagua seli moja.
Naishusha sindano ya kioo mpaka iguse ngozi yake,
kisha kwa mrija naivuta, kwa kinywa changu mwenyewe,
kama mtoto anayeonja uji wa moto.
Ukivuta sana, inapasuka. Ukivuta kidogo, haikushiki.
Imeshika.

Tak, kinasema kipaza sauti.
Tak. Tak-tak.
Mtu ambaye hayumo chumbani.

Halafu, bila kuchokozwa, fujo.
Umeshasikia mtaani mtu mmoja akilia "Mwizi!"
na dakika haijaisha mtaa mzima unalia "Mwizi!",
wenye mawe na wasio na mawe,
na hakuna ajuaye nani alianza?
Ndicho kifafa. Hakuna pepo humo, nimetafuta.
Kuna mmoja aliyepaza sauti kabla ya wenzake,
naye ndiye tunayemwinda usiku kucha.

Dada yangu Kavata alipoanguka darasani
walimkimbia, wakisema povu linaambukiza.
Mara ya mwisho alikuwa peke yake, karibu na jiko.
Sitaandika zaidi ya hapo.

Saa tisa usiku stima ikapotea.
Pampu ikanyamaza. Jenereta ikakohoa, ikakataa, ikakohoa.
Nilichukua bomba la sindano na kumwagia kwa mkono,
tone, tone, gizani, nikihesabu kwa Kikamba
maana hesabu ya hofu huja kwa lugha ya nyumbani.
Taa ziliporudi, vipande vinane vilikuwa vimefifia,
vyeupe, vizito, kimya.

Cha tisa kikasema tak.

Nilikaa nacho. Kilisema mara chache,
kila mara ikichelewa kuliko ya kabla,
huku malori ya viazi yakiunguruma kuelekea Wakulima.

Wodini, wanasema, Wanyoike ameamka na kuomba chai,
akauliza kama kuna mtu aliyefunika kochi la mteja wa Ngara.

Kanuni ni mfuko, namba, tanuri.
Nimeifuata kanuni.
Lakini mama yake akirudi na swali lake,
sitatazama viatu.
Nitamwambia kilinyamaza saa kumi na moja na dakika ishirini,
na kwamba kulikuwa na mtu.