Vidole Viwili

Jumamosi ya kwanza tulikuwa sita, na kelele za ishirini.
Gathogo alitaka tuanzie Barut, Nasimiyu akashikilia Nderit.
Hirani wa duka la misumari alileta koleo nane
na risiti yake, ili tujue kiasi alichojinyima.
Abdiweli akauliza nani atalipia chai.

Jerotich hakusema kitu. Hajasikia neno tangu homa ya utotoni.
Alitutazama midomo
kama mtu anayetazama mvua inyeshayo ng'ambo ya ziwa.

Askari wa hifadhi akatufungulia lango.
Hatua hamsini, nyati akapuliza pua, karibu mno,
na sote, hata Abdiweli, tukaishiwa maneno.

Ndipo mkono wake ukapanda.
Vidole viwili, kama pembe: simameni.
Kiganja chini: polepole.
Kisha akaonyesha, chini ya mleleshwa,
uzi mwembamba unaometa,
kitanzi kinachoingoja shingo ya swala.

Gathogo alikikata mwenyewe.
Alijua fundo lilipoanzia.
Hatukumuuliza alijifunzia wapi;
jasho lake lilitutosha.

Waya kumi na saba, siku ile.

Sasa tuko thelathini na mmoja,
na wengine sijui huota kwa lugha gani.
Lakini nikipita sokoni, kati ya vitunguu na wapiga debe,
Akumu huniinulia vidole viwili kutoka mbali

nami husimama papo hapo,
nikatazama kwanza ninapokanyaga.