Nachonga Kinyume

Mwaka wa kumi na nane nimeinamia chuma
katika kiwanda cha sarafu cha Siskia,
mto Kolapi ukileta ukungu hadi mezani,
nami nachonga miungu kinyume.

Sharti iwe kinyume. Mkono wa kuume
niuchonge kushoto, herufi zirudi nyumanyuma,
ili nyundo ya Dasio ikishuka
shaba iamke ikitazama inakopaswa.

Nimemchonga Jua, kiganja juu, tufe mkononi,
hata usingizini vidole vyangu
vilihesabu miali kwenye blanketi.
Nimemchonga Ushindi na mabawa yake
(mguu wa nyuma hunishinda mpaka leo)
na madhabahu yenye moto mdogo:
nukta tatu za kekee, basi.
Ya nne huzima zote.

Bibi yetu alifukia kizingitini sarafu nzito ya kale:
Yano, uso mmoja ukiaga, wa pili ukikaribisha,
na nyuma yake omo ya merikebu.
Tuliifukua akilala, tukairusha.
“Vichwa au merikebu?”
Dada yangu Surila alichagua merikebu kila mara,
yeye ambaye hajawahi kuiona bahari.

Kisha msimamizi akaja na kibao cha nta.
Herufi mbili za Kigiriki, moja imepanda juu ya mwenziwe.
“Weka hii kwenye bendera. Jua liondoe.”
Hakueleza. Sikuuliza; nina watoto wanne.
Nilichokiona ni hiki: ile herufi ya msalaba
haijui kulia wala kushoto,
ukiigeuza ni ileile.
Kwa mara ya kwanza mkono wangu
haukuwa na cha kupindua,
nao ukatetemeka.

Sokoni, Veriko muuza mikate
hakutazama bendera wala Jua.
Aliipima kiganjani, akaguna:
“Nyepesi kuliko ya mwaka jana.”

Kiangazi homa ikamchukua kitinda mimba wa Surila.
Akaja mlangoni pa kiwanda, majivu nyweleni,
akaomba sarafu ya kumtia mtoto mkononi.
Nikauliza, ipi? Ya Jua ninazo, za kale,
na hizi mpya, za alama.
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.
“Inayong'aa,” akasema.

Nikampa iliyotoka chini ya nyundo ya Dasio
wakati ule ule.
Ilikuwa ingali na joto.