Kuhesabu Meno

Kwenye mpakato wangu wa inchi kumi na tatu
ukurasa umekunja magoti
kama mtu mrefu aliyelazwa kitanda cha mtoto.
Maandishi yetu ya kale husimama:
huanzia juu, hushuka,
mstari mmoja, kisha wa pili kuliani kwake,
na kila herufi ina mwili wake,
uti wa mgongo, tumbo, mkia, meno.
Jino moja likizidi, hilo ni neno jingine.
Nami nimepewa kamusi niipange,
kurasa mia sita na arobaini,
kwa kioo kinachoyasaga meno yakabaki ufizi.

Jumamosi nikatoa akiba ya koti.
Ulaanbaatar ilikuwa imejifunika moshi wa makaa
hadi usawa wa taa za barabarani.
Ghorofa ya pili, duka la mwisho,
kijana Tuguldur akanipeleka moja kwa moja
kwa skrini pana iliyopinda kama tandiko la farasi,
mgongoni inawaka taa nyekundu.
"Hii, mama, ukicheza unasahau kula."
Nikamwambia sichezi. Nahesabu meno.
Akanitazama mdomoni.

Nikachomeka picha ya daftari la Sodnompil,
karani aliyeandika kwa brashi, akafa kabla ya umeme.
Kwenye ile ya tandiko, wino wake ulikuwa ukungu.
Ya pili ilikuwa na rangi za kupendeza,
ila shingo ngumu, haigeuki,
na mimi sina umri wa kusoma kichwa kikiwa begani.
"Ipo hii," akasema, bila hamu,
inchi ishirini na saba, pikseli milioni nane na ushei,
fremu nyeusi, haina mbwembwe.
"Shingo yake?"
Akaishika mabega, akaizungusha,
ikasimama wima.

Ukurasa ukashuka wote, juu hadi chini,
bila kukatwa popote.
Niliinama mpaka pumzi yangu ikatia doa kwenye kioo.
Moja. Mawili. Matatu.
Yalikuwepo yote,
hata pale brashi ilipokauka
na mkono wa karani ukarudi kuchovya.

Tuguldur naye akainama.
"Bibi yangu aliyajua haya," akasema,
kisha akakumbuka kazi yake:
waya wa sandukuni haufai kwa tundu la mpakato wako,
na ule wa bei poa utakupa picha thelathini kwa sekunde,
mshale utakuwa unachechemea.
Wa kufaa ni elfu tisini, mbali na bei ya skrini.
Nikahesabu noti. Nikahesabu tena.
Rahisi ni ghali, najua,
lakini ghali nayo ni ghali.
Nikalipa.
Akalizungushia sanduku nailoni, mizunguko mitano,
wa tano, nadhani, kwa ajili ya bibi yake.

Nje, digrii thelathini na moja chini ya sifuri.
Jirani yangu Chuluun alishika upande mmoja,
tukapanda ngazi tukikohoa,
kila ghorofa akiuliza kama nimenunua friji.

Nyumbani binti yangu Nomin alikuja na mkasi.
Nikamzuia. Kitu kilichotoka kwenye baridi hii
hakiwashwi papo hapo; hutoa jasho tumboni, kikaungua.
Mgeni wa namna hii hapewi mchele wala panza,
huachwa tu akae, sebuleni, mbali na bomba la joto,
hadi asahau alikotoka.
"Saa ngapi?"
"Sita. Labda zaidi."
Akaketi chini, mkasi mapajani.

Nikajimiminia chai ya maziwa na chumvi,
bado nimevaa koti lililotoboka kiwiko.
Umande ukaanza kuota kwenye nailoni.
Kwa kidole nikaandika humo jina la binti yangu,
kutoka juu, meno yake yote.
Akalisoma polepole, akigusa,
na maji yakaufuata mkia wa herufi ya mwisho,
yakashuka hadi sakafuni.